Zimwi Likujualo: Mvuto wa Kabaila Katili Katika Riwaya za Mapenzi

Mwaka 1748 Samuel Richardson, mpiga chapa wa London aliyegeuka mwandishi, alipata taabu ambayo waandishi wengine wangeiombea dua. Riwaya yake Clarissa ilikuwa ikitoka kwa mafungu, na fungu la mwisho lilikuwa bado. Barua zikaanza kumiminika. Wasomaji, wengi wao wanawake, walikuwa wamesikia fununu kwamba Clarissa atakufa, nao wakamsihi mwandishi amwache hai, tena aolewe na Lovelace.

Lovelace huyo ni kijana wa ukoo wa kikabaila, mrithi wa mjomba mwenye cheo cha Lodi. Mzuri wa sura, mwepesi wa ulimi na mwongo wa kupigiwa mfano. Alikuwa amemtorosha Clarissa kwa hila na kumweka katika danguro huku akimwambia ni nyumba ya mjane mwenye heshima zake. Baadaye anamlewesha dawa na kumbaka. Richardson alidhani amechora mtu wa kuogopwa. Lady Bradshaigh, mmoja wa walioandika barua, alikiri bila kuona haya kwamba hawezi kujizuia kumpenda. Mwandishi alikereka hata akaongeza vifungu katika matoleo yaliyofuata ili ubaya wa Lovelace usimpite mtu yeyote. Kisha akaandika riwaya nyingine, Sir Charles Grandison, iliyotoka 1753 na 1754, yenye shujaa mwema asiye na doa, mtu wa dini, msuluhishi wa magomvi, anayekataa kupigana hata akichokozwa. Leo wanaomkumbuka Grandison ni walimu wa fasihi. Lovelace anaendelea kuishi kwa majina mengine mia.

Ukipita kwenye rafu za riwaya za mapenzi ya kihistoria, iwe ni duka la London au kibanda cha vitabu vya mitumba Nairobi, utamkuta. Siku hizi kwa kawaida ni Duke, cheo cha juu kabisa cha ukabaila wa Kiingereza. Mwanzoni mwa karne ya 19, kipindi ambacho waandishi hawa hawakichoki, Uingereza haikuwa na Duke hata arobaini nje ya ukoo wa mfalme, na wengi wao walikuwa wazee wenye wake na wajukuu. Riwayani wamezaliana mamia kwa mamia, wote wana miaka thelathini na ushei, mabega mapana na meno kamili.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu zake za kushangaa. Aliyekulia Tanzania ya Azimio la Arusha alilipata neno kabaila likiwa tusi, limepangwa mstari mmoja na bepari, mnyonyaji na kupe. Umwinyi ni kula jasho la wengine na kujiona. Hata hivyo, wasichana wa shule za bweni, Kenya na Tanzania, walivipitisha vitabu hivi chini ya madawati hadi majalada yakachanika, wakikesha kwa tochi kumfuatilia mwinyi wa Kiingereza aliyetukana watu wote chumbani isipokuwa mmoja. Kuna nini pale?

Jibu la haraka, hasa likitoka kwa wanaume, ni kwamba wanawake hupenda kuonewa. Jibu hilo ni la mtu asiyevisoma vitabu vyenyewe. Mimi naanzia kwa bibi zetu.

Sehemu nyingi za Afrika Mashariki husimuliwa hadithi ya msichana mwenye maringo aliyekataa wachumba wote wa kijijini, akaja kuolewa na mgeni mzuri asiyejulikana ukoo wake. Mgeni ni zimwi. Njiani kuelekea kwake sura yake inaanza kubadilika, na kama si mdogo wake bi harusi, yule aliyedharauliwa na kukatazwa kufuatana nao, dada mtu angeliwa. Zimwi la bibi zetu halirekebishiki. Hakuna busu litakaloligeuza mtu. Hadithi inamfunza msichana kukimbia.

Ulaya iliisimulia kwa mkono mwingine. Mwaka 1740 Gabrielle-Suzanne de Villeneuve aliandika Ufaransa hadithi ya mrembo aliyepelekwa kuishi na mnyama wa kutisha katika kasri. Mwaka 1756 Jeanne-Marie Leprince de Beaumont, mwalimu wa watoto wa wakubwa mjini London, aliifupisha ikawa hii inayojulikana duniani kote. Humo msichana anabaki. Anakaa meza moja na mnyama, wanazungumza, anamzoea, na mwisho mnyama anageuka mwana wa mfalme. Beaumont aliwaandikia wasichana ambao wengi wao wangeozwa kwa wanaume wasiowajua, na hao hawakuwa na mahali pa kukimbilia. Wao walihitaji hadithi ya kukaa.

Methali yetu inasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Sisi tunaitumia kwa kujifariji, pengine kwa kejeli kidogo: bora adui niliyemzoea. Riwaya ya kabaila katili inaichukua methali hiyo kwa uzito wote. Inamtengeneza mtu mwenye uwezo wa kukumaliza, anayewamaliza wengine mbele ya macho yako, halafu inafanya kazi kurasa mia nne ili akujue. Nadhani siri ya mvuto wake ni hapo, katika huko kujulikana, kuliko katika ukatili wenyewe.

Ili uzito wa jambo hili uonekane, inafaa kutazama sheria. William Blackstone, mwanasheria aliyeanza kuchapisha ufafanuzi wake wa sheria za Uingereza mwaka 1765, alieleza kwamba mume na mke ni mtu mmoja kisheria. Mtu huyo mmoja alikuwa mume. Fedha alizokuja nazo mke zilikuwa za mume, ujira wake pia, na watoto walikuwa wa baba. Caroline Norton, mwandishi mashuhuri, alinyang'anywa watoto wake watatu na mumewe mwaka 1836, na hata malipo ya vitabu vyake yalihesabiwa kuwa mali ya mwanamume huyo. Kelele zake zilisaidia kupitishwa kwa sheria ya 1839 iliyomruhusu mama aliyetengana na mume kuomba kukaa na watoto walio chini ya miaka saba. Talaka kamili ilihitaji sheria maalumu ya Bunge, na katika miaka yote kabla ya mageuzi ya 1857 ni wanawake wanne tu walioipata. Haki ya mke kumiliki mali yake mwenyewe ilisubiri mpaka 1882.

Kwa hiyo msichana wa enzi hiyo alikuwa na karata moja. Akishaicheza imekwisha, akipata mume mwema ni bahati, akipata jabari ni shauri yake. Riwaya inamchagua yule jabari makusudi. Ikiweza kumfanya yeye awe salama, hofu yote imekwisha, maana hakuna mbaya zaidi aliyebaki. Ndiyo maana Grandison hasisimui: kuolewa naye hakuna hatari yoyote, na pasipo hatari hapana la kushinda.

Aliyeifahamu hesabu hii kuliko wote ni Georgette Heyer, na ningependa kukaa kwake kidogo. Riwaya yake ya kwanza, The Black Moth, ilitoka 1921 akiwa na miaka 19. Aliianza kama hadithi ya kumchangamsha mdogo wake aliyekuwa mgonjwa. Humo mna Duke wa Andover, aliyepewa jina la utani Shetani, ambaye anamteka msichana na kushindwa na shujaa, kama inavyotakiwa. Tatizo ni kwamba shujaa anachosha na Shetani anapendeza. Ndiye mwenye maneno makali, ndiye mwenye mavazi, ndiye anayeingia chumbani watu wakanyamaza. Heyer aliliona kosa lake. Miaka mitano baadaye, katika These Old Shades, alimrudisha mtu yuleyule kwa jina jipya, Duke wa Avon, akampa kiti cha mbele.

Na hakumsafisha. Avon anatembea usiku katika mitaa ya Paris kwa viatu vyenye visigino vyekundu, anakutana na kijana anayemkimbia kaka yake, na anamnunua palepale kama mtu anunuavyo mbwa. Kijana ni msichana aliyevalishwa kiume. Avon anajua tangu mapema, anakaa kimya, kwa kuwa ameona katika uso wa mtoto huyo sura ya adui yake wa siku nyingi na anataka kumtumia kulipiza kisasi. Heyer alifanya mambo mawili tu. Kwanza, alimpa msichana, Léonie, asiyemwogopa hata chembe. Pili, alimweka kando ya Avon kabaila mwingine aliye mbaya zaidi, yule adui mwenyewe, baba aliyebadilishana mtoto wake wa kike na wa kiume wa watu maskini ili apate mrithi. Ukatili wa Avon ukapata pa kwenda. Mwishoni anamwangamiza adui huyo kwa maneno matupu, akisimulia kisa mbele ya wageni ukumbini, polepole, bila kupaza sauti, mpaka mtu mwenyewe anajipiga risasi. Msomaji anayeusoma ukurasa ule haombi Avon awe mpole. Anashukuru kwamba katika dunia ya wanyama yuko mmoja wa upande wake.

Ujanja huu wa kumweka mbaya zaidi pembeni umeigwa tangu wakati huo na kila mwandishi wa fani hii, mara nyingi bila ustadi. Ukiona riwaya ambayo baba mdogo wa msichana ni mlevi, mpiga watu na mwizi wa urithi katika sura ya kwanza, fahamu kwamba Duke anayekuja sura ya pili atakuwa na dhambi zake.

Heyer aliongeza kitu kingine mwaka 1932 katika Devil's Cub, hadithi ya mwana wa Avon. Kijana huyo anamtorosha msichana asiye sahihi, na akitaka kumlazimisha, msichana, Mary Challoner, anachukua bastola na kumpiga risasi ya mkono. Kuanzia hapo anamheshimu. Mwaka 1995 Loretta Chase aliirudia risasi hiyo katika Lord of Scoundrels, na safari hii ni kwa sababu mwanamume amemharibia mwanamke jina na kukataa kuwajibika. Mashabiki wa fani hiyo wanaipenda hiyo risasi kuliko harusi. Inasema waziwazi jambo ambalo vitabu vya zamani vilinong'ona: huyu mwanamume anaweza kuumia, na anayeweza kumuumiza ni huyu hapa.

Kati ya Heyer na Chase kuna kipindi ambacho wapenzi wa riwaya hizi wenyewe hukizungumzia kwa sauti ya chini. Mwaka 1972 kampuni ya Avon ya Marekani ilichapisha The Flame and the Flower ya Kathleen Woodiwiss, riwaya nene ya mapenzi ya kihistoria iliyotolewa moja kwa moja kwa jalada jepesi. Iliuzwa kwa mamilioni. Shujaa wake, nahodha tajiri mwenye mashamba, anambaka msichana mwanzoni kabisa akidhani ni kahaba. Wengine wengi wakafuata mkondo huo. Zimesemwa sababu nyingi: kwamba msichana mwema wa enzi ile hakuruhusiwa kutaka, kwa hiyo ilibidi alazimishwe ili asilaumiwe. Pengine. Kwangu mimi vitabu hivyo vimeshindwa kwa kipimo cha fani yenyewe, maana mwanamume aliyefanya hivyo hajamjua mtu. Amemkosea hata jina.

Mwaka 1984 mtafiti wa Marekani Janice Radway alitoa kitabu, Reading the Romance, baada ya kukaa na kundi la wanawake wasomaji katika mji mmoja wa katikati ya nchi. Hakuwakuta wajinga. Walimwambia kwamba kitabu ni mlango wa kufunga: ukishika kitabu, mume na watoto wanajua umeondoka kidogo. Tena walichagua sana, na ukatili uliopita kiasi waliukataa. Lakini Radway aliona hatari: riwaya hizi zinamzoeza mwanamke kuusoma ubaridi wa mume kama pazia la mapenzi yaliyofichika, ilhali ubaridi mara nyingi ni ubaridi tu. Mwaka 1992 waandishi wenyewe walijibu katika Dangerous Men and Adventurous Women, mkusanyiko ulioongozwa na Jayne Ann Krentz. Hoja yao ni kwamba shujaa katika riwaya hizi ni adui pia, anashika nafasi mbili kwa pamoja, na anayeshinda pambano ni mwanamke. Wakasema pia, kwa hasira inayoeleweka, kwamba hakuna anayewauliza wanaume wasomao riwaya za ujasusi kama wanajua tofauti ya ndoto na maisha.

Radway na Krentz walikuwa wakitazama vitabu viwili tofauti. Kwa muda mrefu riwaya za mapenzi zilisimuliwa kutoka upande wa mwanamke peke yake. Msomaji, kama msichana, aliuona uso wa mwanamume kwa nje na kulazimika kubahatisha. Hapo hofu ya Radway ina mashiko, kwa kuwa kazi ya msomaji ni kutunga sababu za kumsamehe mtu. Taratibu waandishi wakaanza kuingia kichwani mwa shujaa, na mambo yakageuka. Sasa msomaji anajua kwamba Duke amekwisha, usingizi hapati, anahesabu vidole vya mtu, huku msichana hana habari na anamjibu kwa kebehi. Hatubahatishi tena. Tunamcheka. Mwenye nguvu zote amekuwa kichekesho ndani ya nafsi yake, na utamu wa hali hiyo ni mkubwa kuliko wa busu lolote.

Lisa Kleypas, mwandishi wa Texas, alifanya jaribio la kuthubutu zaidi. Katika riwaya yake ya 2005, It Happened One Autumn, Sebastian St. Vincent ni mhalifu halisi: amefilisika, na anamteka msichana tajiri, mchumba wa rafiki yake, ili amuoe kwa nguvu. Mwaka uliofuata, katika Devil in Winter, msichana mwingine, Evie Jenner, mwenye haya na kigugumizi, anayepigwa na ndugu za mama yake, anakwenda usiku nyumbani kwa mwanamume huyohuyo kumwambia: nioe mimi, nina urithi. Anajua yote aliyoyafanya. Aliyetekwa ni rafiki yake. Wanapanda gari la farasi mpaka Gretna Green, Scotland, ambako sheria ya ndoa ya Uingereza ya 1753 haikufika. Msichana anayejulikana kwa woga amechagua zimwi macho makavu, kwa masharti yake, na sharti mojawapo ni kwamba mume akae miezi mitatu bila mwanamke yeyote. Kinachofuata ni mwanamume mvivu akijifunza kufanya kazi, akiendesha klabu ya kamari ya baba mkwe, akipigwa risasi kwa ajili ya mtu mwingine.

Kipimo changu, basi, ni malipo. Lord of Scoundrels ni kitabu kikubwa kwa sababu Lodi Dain analazimishwa na mkewe kumchukua mtoto wake wa nje, mchafu, mtukutu, anayefanana naye mno, ambaye alitaka kumlipia fedha asimwone. Kumpenda mwanamke mrembo si adhabu. Kumtazama mtoto uliyemtelekeza ni adhabu, na Chase hamruhusu aikwepe. Vitabu dhaifu humbadilisha kabaila kwa machozi ya ukurasa mmoja na kisa cha utotoni kuhusu mama aliyemkimbia. Wapigaji wote walikuwa na mama.

Kuna deni jingine ambalo hata vitabu bora havilitaji. Fedha za Duke zinatoka wapi? Riwayani zinatoka kwenye shamba lenye wapangaji wanaomvulia kofia. Katika historia, Bunge lilipofuta utumwa mwaka 1833 lilitenga pauni milioni 20 kuwalipa wamiliki, wala si waliomilikiwa, na Earl wa Harewood alipokea zaidi ya pauni 26,000 kwa watu zaidi ya 1,200 waliokuwa kwenye mashamba yake ya Barbados na Jamaica. Ukatili wa namna hiyo haupendezi katika mwanga wa mishumaa. Fani inamtaka mwanamume katili kwa ulimi na kwa bastola, asiye na daftari la hesabu. Inachagua pia nani aruhusiwe kuwa katili: mwaka 1919 E. M. Hull alitoa The Sheik, kisa cha chifu wa jangwani Algeria anayemteka mwanamke wa Kiingereza, na kabla kitabu hakijaisha anafichua kwamba chifu huyo kwa kuzaliwa ni mtoto wa Earl wa Kiingereza. Wasomaji wakapumua. Zimwi lilikuwa la nyumbani.

Ajabu ni kwamba Woodiwiss, Krentz, Chase, Kleypas, pamoja na Julia Quinn ambaye vitabu vyake vilizaa tamthilia ya Bridgerton ya Desemba 2020, wote ni Wamarekani, raia wa nchi ambayo katiba yake inaikataza serikali kumpa mtu cheo cha ukabaila. Hawajawahi kulipa kodi ya shamba kwa Duke. Kabaila ni rahisi kupendwa akiwa mbali, kama simba.

Mwingereza mmoja wa karne ya 18 alikuwa na kila sifa ya shujaa wa riwaya hizi: cheo cha Earl, hasira, pombe, bastola, na mke kijana mzuri. Ni Laurence Shirley, Earl wa nne wa Ferrers. Mkewe, Mary Meredith, aliishi naye miaka kadhaa, akaona, akaenda Bungeni kulalamikia ukatili wake, na mwaka 1758 akapewa sheria ya kutengana. Miaka miwili baadaye Ferrers alimpiga risasi msimamizi wa mali zake, akahukumiwa na makabaila wenzake, akanyongwa Tyburn tarehe 5 Mei 1760. Mary aliolewa tena mwaka 1769, na Lord Frederick Campbell.